Mutoto ya dada yangu anataka kusomea komedi mizikali ku Marekani, tuanzie wapi?

MamaMudogo_Kampemba

Bandugu jambo kwenu bote, niko na swali na musinicheke. Mutoto ya dada yangu, binti ya miaka 18, ametoka kupata diplome ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, mwaka hii na 64%, baba yake anataka aende Polytechnique, kule kwa baenjenieri, ku UNILU, universite ya Lubumbashi, juu huku kwetu kila muzazi anaota mutoto akamate kazi ku mine, lakini ye tangu kadogo ni kuimba tu. Anaimba mu korale ya paruasi, anapigaka klavye, na kila Noeli korale ikifanya teatre ni ye njo anapangaka batoto bote, anabafundisha kuimba, kucheza, kusema maneno. Noeli iliyopita alikamata bale batoto ya mutaa benye kukimbizaka mupira siku yote, akabaweka mustari nyuma ya kanisa, akabaimbisha kwa sauti tatu, mi mwenyewe nikashangaa.

Sasa anasema anataka komedi mizikali, ile ya kuimba na kucheza na kuigiza mara moja sawa banafanyaka New York, asema ku Marekani kuko bauniversite benye kufundisha ile tu miaka ine. Ni kweli ao ni mambo ya TikTok? Banachaguaka batoto namna gani, kuko ezame ao banaangalia pointi? Kiingereza yake ni ya masomo tu, anaelewa lakini kusema anasita. Na feza, hapa njo kichwa inaniuma, juu dada yangu ameanza kusema atauzisha parsele ya Ruashi na mi sitaki auzishe parsele juu ya ndoto ya muntu wa miaka 18. Kuko mwenye alipita ile njia atuambie ukweli?

Kaka_Bloomington

Mama mudogo jambo. Mi ni mwana wa Kamalondo, niko huku Indiana, nilisomea piano na sasa napigiaka baimbaji odisyo zao, donke hii mambo naiona kila mwaka. Ni kweli, hapana TikTok. Na musiuzishe parsele, ya feza nitaandika baadaye juu iko na urefu wake.

Kwanza kabisa huyo binti ajue anataka nini, juu bantu banachanganyaka mambo mbili. Kuko kusomea miziki yenyewe, sauti ya klasiki ao chombo, na kuko komedi mizikali. Huku ku Indiana University kwa mufano, ukitaka kuimba opera ao kupiga piano unaomba nafasi ku Jacobs School of Music, ukitaka komedi mizikali unaomba ku departema ya teatre. Kampasi ni moja, lakini balimu bengine, odisyo ingine, diplome ingine. Bale ba klasiki banataka wimbo ya Kiitaliano, ya Kiingereza, mara nyingi na ya Kijerumani ao Kifaransa, sauti safi, pumzi ya kutosha, na ujue kusoma noti. Bale ba teatre banataka kuona muntu mwenye anasema jambo wakati anaimba, na macho yake iamini ile jambo. Nimeona baimbaji ya korale bazuri kabisa banakataliwa kule, juu basimama sawa mulingoti, mikono chini, sauti inatoka lakini uso haiko.

Diplome ya komedi mizikali mara mingi inaitwa BFA, maana saa mingi ya masomo ni kuigiza, sauti na danse, ile masomo ingine ni kidogo. Kuko universite zenye zinapana BM, pale teoria ya miziki inazidi. Na kuko BA, unasoma teatre ao miziki pamoja na mambo ingine, na bazazi ya kwetu banaizarau bure, nitarudi pale nikisema feza.

Odisyo zenyewe zinapita mara mbili. Ya kwanza ni video, banaita priskrini, ni ya kuchuja bantu. Universite mingi za komedi mizikali zilipatana ziombe video za namna moja ili mutoto asirekodi ingine kwa kila shule: nyimbo mbili zenye kuachana, moja ya Broadway ya zamani na moja ya siku hizi, kila moja sekunde 60 mpaka 90, halafu monologi yenye inatoka mu teatre yenye ilichapishwa, halafu danse fupi, na shule mingi zinaongeza video moja ya bure, kitu chochote chenye kuonyesha we ni nani. Hii ya mwisho asiichezee. Benzake ba Ohio batapiga ukulele. Ye afanye kipande ya teatre ya Kiswahili ya kwetu, mutindo ya Mufwankolo, ule mucheshi wa Lubumbashi, bantu bacheke na wimbo iingie katikati, ata kama jury haielewe neno moja wataelewa mwili yake na saa ya kuchekesha. Kiingereza ya chini ku skrini inatosha.

Video zinatumwa kati ya mwezi wa 10 na mwanzo wa mwezi wa 12. Ukipita, odisyo ya pili inakuja mpaka mwezi wa 2, shule mingi zinakutana New York na Chicago zisikilize batoto mahali pamoja, lakini benye biko mbali sawa sisi banasikilizwaka kwa intaneti. Jibu inatoka karibu na tarehe 1 mwezi wa 4, we unajibu mbele ya tarehe 1 mwezi wa 5. Donke huyu wa diplome ya mwaka hii anaomba sasa kwa kuingia mwezi wa 8 mwaka kesho. Ile mwaka ya katikati haipotee, Kiingereza itaikula yote.

Na ajue ukali yake. Carnegie Mellon na Michigan zinapokea video mingi kupita, na kila moja inachukua kachumba kamoja ka bantu kwa mwaka, chini ya 30. Asiweke roho ku hizo mbili peke.

Papa_Makomeno

Mi nasema vile baba ya mutoto anawaza, juu hakuna mwenye kumusemea humu. Kuimba sisi bote tuliimba, mi nilikuwa teno. Lakini munionyeshe nyumba moja hapa L'shi (Lubumbashi) yenye ilijengwa na kuimba, ukitosha ya bapasta. Polytechnique kwanza, korale siku ya Mungu, hakuna mwenye atamukataza.

Chef_Korale_Katuba

Papa Makomeno, na heshima yote, Serge Kakudji ni mutoto wa huku kwetu Katanga, anaimba sauti ya kontrateno, ile ya mwanaume yenye inapanda juu kabisa, na mwaka wa 2014 alikuwa mbele mu ile kazi Fabrizio Cassol na Alain Platel bafanya na bapiga miziki ba Kinshasa, ikazunguka Ulaya. Sisemi kila mutoto wa korale atakuwa Kakudji. Nasema njia iko, na baba ya mutoto anaweza kusikia jina moja yenye inatoka kwetu.

Sasa mama mudogo, mi niko upande ya kazi yenyewe. Korale zetu mingi zinajifunza kwa masikio, mi chef naimba, alto barudilia, siku tatu wimbo imeingia. Masikio inakuwa kali, hiyo bazungu banashangaaka. Lakini siku ya ezame ya konservatwari banakupana karatasi yenye noti haujawahi kuona, banapiga sauti moja ku piano, banasema imba. Pale njo batoto yetu banakwama, hata mwenye sauti ya dahabu. Binti aanze solfeji leo, kusoma noti ku mistari ya porte yenyewe, hapana tu do re mi ya kuandika ku ubao. Kila asubui kadogo, na klavye anayo, ni bahati kubwa juu atajisahihisha mwenyewe.

Kitu ingine bantu ya L'shi habajue: ezame za miziki za ABRSM, ile ya Uingereza, hazihitaji tena muntu atoke Ulaya aje kukusikiliza. Tangu 2020 unaweza kufanya kwa video, grade 1 mpaka 8, unaimba ao unapiga vipande vine kwa mufululizo, kamera haikatike, unatuma. Teoria nayo inafanywa ku kompyuta. Ujue tu kama tangu grade 6 ya chombo ao sauti, lazima uwe na teoria ya grade 5. Hii karatasi haikupe nafasi yenyewe, lakini Afrika ya Kusini na Uingereza wakiiona banaelewa mutoto iko wapi, hawana haja ya kukisia kutoka ku barua ya padri.

Ya video, nisikilizeni vizuri juu pale mingi inaharibika. Simu ilale, isisimame. Mwangaza itoke mbele ya uso, hapana dirisha nyuma, sinon ni kivuli tu kinaimba. Kwa wimbo wa komedi mizikali usiimbe bila miziki, banataka akompanyema, basi akompanyema itoke ku bafle yenye iko karibu na simu lakini chini, sauti ya muntu izidi. Kukata na kuunganisha video apana, kila wimbo mara moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Na chumba: kanisa yenye bati peke inapiga mwangwi, mvua ikianza ni kwisha, chumba ya kulala yenye pazia na matandiko ni muzuri zaidi. Tulirekodia kijana moja hapa Katuba, sauti yake ilikuwa imetoka vizuri kabisa mpaka dakika ya mwisho, SNEL ikakata umeme, grupe (jenereta) ya jirani ikawaka, na ku video unasikia ile grupe kuliko kijana. Ongeeni na majirani mbele. Mi naandika hii nacheka lakini siku ile hakuna mwenye alicheka.

Na musisahau pa karibu. INA ya Kinshasa (Institut National des Arts) iko tangu miaka ya 1960, miziki na teatre byote viko pale, kwa Kifaransa, feza yake haifanane na ya ng'ambo. Ubeleji nako, konservatwari za Bruxelles, Liège na Mons pamoja na IMEP ya Namur, ezame ni kwa Kifaransa chetu, lakini ekivalansi ya diplome ya Leta, karatasi ya kusema iko sawa na ya kule, inaombwa mbele ya katikati ya mwezi wa 7, bengi banaikumbuka mwezi wa 9 bakiisha kupata nafasi, na mulango imefungwa. Kule komedi mizikali ya namna ya New York ni haba, ni miziki ya klasiki, jazi, ao teatre ya kusema.

MamaMudogo_Kampemba

Aksanti sana bandugu, nimesoma kwa sauti hapa nyumbani, binti alikuwa anaandika mu kaye. Papa Makomeno, shemeji yangu amesoma yako nayo, amefurahi kupita 😂

Ya simu kulala tumeelewa. Lakini Kiingereza njo mupaka, na hii feza kaka alisema atarudi. Pia kuko mwenye aliniambia mu simu asema kuko shule ya sanaa Tanzania yenye banafundisha kwa Kiswahili, ni kweli? Na Sauzi je? Huku kwetu Sauzi iko karibu kuliko Kinshasa, unapita Kasumbalesa na basi.

Dada_Pretoria

Mama mudogo, niko Pretoria, nimetoka Kenya, Kenya ya L'shi hapana ya Nairobi, banisumbuaka na hii jina kila siku.

Sauzi iko na kile binti anatafuta. Hapa Pretoria Tshwane University of Technology, TUT tu ndivyo banaiitaka, iko na masomo ya komedi mizikali yenyewe, kuimba, danse, kuigiza, siku yote bako na viatu vya danse, jioni mapaja inalia. Odisyo iko. Kama anainama upande ya sauti ya klasiki, Cape Town kuko South African College of Music ya UCT, universite ya Cape Town, iko tangu 1910, Pretty Yende alipitia pale. Pretty Yende mumutafute ku YouTube na baba ya mutoto, ni binti wa Piet Retief, muji ndogo tu, alianzaka kuimba kanisani na kwao, mwaka wa 2013 akaimba Metropolitan Opera ya New York, na 2023 akaimba siku ya kumuvalisha taji mufalme Charles wa Uingereza. Bazazi banaelewaka kwa namna hii, siku moja ya YouTube inapita maneno ya mwezi moja.

Upande ya karo, Kongo iko mu SADC, na kuko protokoli ya SADC ya masomo inasema mwanafunzi wa SADC atozwe sawa mwenye nchi. Universite zingine zinafuata vizuri, zingine zinaweka ka feza ka wageni pembeni, soma ukurasa ya wageni ya kila universite na kalamu mukononi. Hata hivyo ni mbali na Marekani, hailingani kabisa.

Makaratasi: diplome ya Leta itatafsiriwa Kiingereza na mutafsiri mwenye kuapa, halafu inapita Universities South Africa bakupe karatasi ya kusema diplome yako inaruhusu kuingia universite. Anzeni mapema, ile karatasi inachelewesha bantu kuliko odisyo. Mwaka ya masomo inaanza mwezi wa 2, UCT inafungaka kupokea majina mwisho ya mwezi wa 7, donke kwa mwaka kesho ya UCT mulishachelewa, ni kujitayarisha ya mwaka yenye kufuata. Konsula ya Sauzi iko hapo hapo L'shi, hakuna haja ya kupanda ndege kwenda Kinshasa. Viza yao inataka bima ya matunzo na ushahidi ya feza.

Kiingereza huku utajua kwa nguvu. Ajitayarishe tu moyo, kuko siku mu taksi watakuita kwerekwere, neno ya kuzarau wageni, na utanyamaza. Danse nayo aanze kujifunza mbele ya kuja, bale ba huku bamecheza tangu shule ya musingi, na hii ya korale ya kutikisa kulia na kushoto haitoshe.

Mwana_wa_Kalemie

Habari zenu. Mimi mzaliwa wa Kalemie, nimekaa Tanzania muda mrefu mpaka Kiswahili changu kimebadilika, mtanisamehe. Hiyo shule mama unayoulizia ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, jina la TaSUBa likaja 2007. Mimi nimepita pale.

Niseme wazi, si ile ya New York. Lakini ukiangalia wanachofundisha, muziki, ngoma, maigizo, sarakasi, na kwamba mwanafunzi anagusa karibu vyote kabla hajaegemea kimoja, ni jirani kabisa na anachokitaka huyo binti. Asubuhi upo kwenye marimba, mchana unaigiza, jioni unacheza sindimba pwani mchanga ukiwa bado wa moto. Kuna jukwaa kubwa lenye paa, na kila mwaka kuna tamasha ambapo wanafunzi wanapanda mbele ya watu wa kweli, sio mbele ya walimu wao tu. Lugha ni Kiswahili, ingawa Kiswahili cha Lubumbashi watamtania wiki za kwanza, kisha wataanza kumuiga.

Wanatoa cheti na diploma, digrii hapana. Kwa digrii watu huenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wanavuka Kenya, Kenyatta University wana muziki na wana sanaa za jukwaani. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo mipaka si migumu kama zamani.

Ninachomshauri ni hiki, hata kama lengo ni Marekani, mwaka mmoja au miwili Bagamoyo unampa mwili wa jukwaani, na hiyo video ya tano anayosema kaka wa Indiana itakuwa kitu kingine kabisa.

Papa_Makomeno

Huyu wa Bagamoyo anasema na akili. Karibu, kwa Kiswahili, feza kidogo, mutoto akichoka anarudi Polytechnique. Nimesema yangu.

Kaka_Bloomington

Narudi ku feza sawa nilisema.

Mama mudogo, karo ya mugeni ku Carnegie Mellon ao Michigan inapita dolari 60,000 kwa mwaka, bila kulala, bila kula, na ni miaka ine. Parsele ya Ruashi haitamaliza ata mwaka ya kwanza, na huku wakishakulipisha mwaka ya kwanza hawakuurumie ya pili. Burse za talanta zipo, lakini kwa mugeni mara mingi zinakata sehemu tu. Donke usianze na "shule gani ni kubwa", anza na "shule gani inalipa mugeni yote".

Kwa bale ba klasiki kuko Curtis, Philadelphia. Tangu 1928 hakuna mwanafunzi mwenye analipa karo pale, ata mumoja, mutajiri ao masikini. Lakini ni kashule kadogo, bantu kama 160 hivi shule muzima, wanachukua kwa odisyo tu, na komedi mizikali hakuna. Kula na kulala unajitafutia.

Kwa huyu binti mi ningeangalia Berea College, Kentucky. Iko tangu 1855, karo hakuna kwa kila mwanafunzi, mugeni wanamulipia na kulala na kula mwaka ya kwanza, na kila mwanafunzi anafanya kazi ku kampasi, jikoni, ofisi, shamba, popote. Teatre iko, miziki iko. Ni BA, njo ile nilisema bazazi banazarau. Halafu kuko zile kubwa zenye hazitazame kama uko na feza wakati wa kuchagua, ata kwa mugeni, na wakikukamata banalipa kile familia haiweze: Harvard, Yale, Princeton, Amherst. Princeton iko na programu ya teatre na teatre ya miziki ndani ya BA. Kule pointi za masomo njo zinahukumu, sauti inasaidia tu, na 64% ya Exetat, ile ezame ya Leta, nitasema ukweli ni mulima, bataomba na mitiani ingine.

Na mwenye amefanya BA anaweza kufanya masteri ya sanaa nyuma yake. Yale wamefuta karo ya shule yao ya miziki ya masteri, na ya teatre pia tangu 2021. Miaka 22 ku odisyo si uzee, sauti ya mwanamuke ndio inaanza kukaa pale.

Ya viza: universite ikikukubali na feza ikionekana, wanakutumia I-20, karatasi ya kuombea viza, unalipa SEVIS, feza ya kuandikisha mwanafunzi mugeni, dolari 350 na viza 185, unaenda Kinshasa ku ambasade kujibu maswali. Bakikuuliza utafanya nini na komedi mizikali usiseme utakuwa nyota. Sema unarudi kufungua shule ya teatre L'shi, na huyu binti si uongo, anaifanya tayari nyuma ya kanisa.

EducationUSA ya ambasade wanashauri bure, andikeni email. Ukimuona muntu mu mutaa anasema anakupatia nafasi kwa dolari 500, ya uhakika, kimbia. Nafasi ya odisyo haiuzwe, hakuna mwenye anaweza kuimba pahali pako. Na feza ya kuomba nafasi, ile 60 ao 80 kwa kila shule, unaweza kuomba wakusamehe, kuna mahali pa kubonyeza, bantu bengi hawabonyeze juu ya haya.

Kiingereza: test ya Duolingo inafanyikaka nyumbani, lakini intaneti ikikatika katikati unaweza kurudia yote, afanyie mahali penye koneksyo haicheze. Shule mingi zinaikubali, zingine zinataka TOEFL.

Binti_mwenyewe

Jambo kwenu, ni mi mwenye munazungumza 😅 mama mudogo amenipa simu. Aksanti kwa bote, papa Makomeno nayo aksanti, papa amesema angalau kuko muntu moja mwenye akili humu.

Niko na maswali tatu ya haraka. Sauti yangu ni alto, nyimbo zote naona za Broadway ziko juu sana na nikipandisha shingo inakaza. Monologi naweza kufanya kwa Kifaransa? Na akompanyema naipata wapi, juu karaoke za YouTube ziko na sauti ya muimbaji nyuma.

Kaka_Bloomington

Dada mudogo, karibu. Alto ni muzuri, usiogope, komedi mizikali iko na nyimbo mingi za chini na jury wanachoka na soprano saa ine ya asubui. Shingo ikikaza ujue wimbo si yako, shusha tonalite ao chagua ingine. Usiimbe wimbo ya mama wa miaka 50 mwenye aliachwa na bwana, we uko 18, chagua mutu wa rika yako mwenye anataka kitu na hajakipata. Sekunde 90 ikiisha ikatie pale, usiongeze refrani ya pili juu ni tamu.

Monologi kwa Marekani ni Kiingereza, na isiwe yenye umeandika mwenyewe, banataka ya teatre yenye ilichapishwa. Lafuzi yako ya Kikongo iache vile iko, kujifanya Mumarekani inasikika mbali. Soma teatre yote, hapana tu ile ukurasa, watakuuliza huyu muntu alitoka wapi.

Akompanyema mi nitapiga. Imba wimbo bila miziki, nitumie vokali ya WhatsApp, nipate tonalite yako na mwendo, nitakurudishia ku MP3 wikendi hii. Chef wa Katuba asimamie solfeji na video. Na danse tafuta muntu wa danse hapo mujini, uliza pale Halle de l'Étoile, kule kunapitaka bacheza danse ya kisasa, usijifunze ku simu peke.

Chef_Korale_Katuba

Niko. Siku ya ine nyuma ya repetisyo, saa kumi na moja. Ulete kaye yenye mistari ya porte, kama hauna nitakuchorea.

MamaMudogo_Kampemba

Tutakuja. Shemeji amesema atamuleta mwenyewe na gari, anataka kuona hiyo ABRSM ni nini, na kama diplome ya binti inaweza kuingia mu dosye ya Sauzi wakati bado anaomba ya Berea. Dada wa Pretoria, mutafsiri mwenye kuapa ya hapa L'shi unamujua?

Dada_Pretoria

Ulizeni ku konsula yenyewe, watakupana majina ya benye banakubali. Mukifika pale mukamate diplome na relve za pointi za miaka mbili za mwisho, na kopi zenye kuhakikishwa, sinon watawarudisha nyumbani.